Bastola Isiyo na Teke

Nilirudi kwa baba, Temeke, na sanduku moja, talaka moja, na uso ambao shangazi yangu alisema ungeweza kuchachusha maziwa. Baba hakuuliza kitu. Alibeba sanduku, akaliweka chumba cha uani, akarudi kwenye kibaraza chake cha kutengenezea vyerehani. Siku tatu nililala nimegeukia ukuta. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, aligonga mlango akasema, "Mwanangu, njoo uani unishikie kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa bastola.

Nieleze vizuri kabla hujaita polisi. Ilikuwa bastola ya upepo, ile inayotupa kirisasi kidogo kama punje ya choroko kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, bila baruti. Zilitengenezwa Ulaya miaka ya nyuma kwa ajili ya watu wanaoshindana kulenga shabaha. Baba alikuwa nazo tatu, na kila moja ilikuwa na kibali chake cha polisi kilichokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, maana alikuwa mtu wa kuogopa serikali hata siku ambayo hana kosa.

Ya kwanza aliachiwa na mzungu mmoja, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo, aliyekuwa ameileta atengenezewe springi. Kiwanda kilipofungwa, mzungu akaja kuaga mikono mitupu na kusema baki nayo. Ya pili aliinunua kwenye mnada wa vyombo vya wageni waliokuwa wanarudi kwao, siku ambayo sisi wote nyumbani tulikuwa tunasubiri alete friji. Ya tatu alipewa na Mwarabu mmoja mzee mwenye duka, ikiwa vipande vipande ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mzee yule alisema ilikuwa ya marehemu kaka yake na hakuna aliyeweza kuirudishia.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo mitumba ilikuwa imejaa kila kona. Marobota yanafunguliwa Tandika asubuhi, jioni mtaa mzima umevaa kafa Ulaya, hizo nguo zilizokwisha kuvaliwa na wazungu. Mafundi nguo wakafunga vyerehani vyao mmoja baada ya mwingine, na fundi nguo akifunga, fundi wa kutengeneza cherehani atatengeneza nini? Baba alibaki na mikono mizuri isiyo na kazi. Nadhani zile bastola ndizo zilizomzuia asikae kibarazani akihesabu wapita njia.

Alizipenda kwa sababu moja: hazikuwa na teke. Bastola ya kawaida ya springi, ukifyatua, springi inakimbia mbele na bastola nzima inaruka mkononi kabla kirisasi hakijatoka mdomoni. Zake haziruki. Mbili kati ya hizo, sehemu ya juu ilikuwa inateleza nyuma kidogo kwenye reli zake na teke linaishia humohumo. Ile ya kopo la maziwa ilikuwa na pistoni mbili. Moja inakwenda mbele kusukuma hewa, na wakati uleule nyingine inarudi nyuma, haisukumi chochote, kazi yake ni kuzuia mkono usitikisike. Vizibo vya pistoni vilikuwa vimeoza vikawa kama halua iliyoachwa juani. Baba akachana makubazi yake mwenyewe, yaliyokuwa bado mazima, akakata vizibo vipya vya ngozi. Alikuwa na vibomba viwili vya chuma alivyovinoa ncha, kikubwa cha kukata duara na chembamba cha kutoboa katikati. Pigo moja la nyundo, tundu safi. Shangazi alimwona anatembea peku akauliza viatu viko wapi. Akajibu viko ndani ya bastola.

"Yenye teke unaweza kuisingizia," aliniambia siku ile ya kwanza uani. "Ukikosa, unasema imeruka. Hii hairuki, mwanangu. Ukikosa, umekosa wewe."

Nilikosa. Nilikosa kadi, nikakosa ubao ulioshika kadi, nikapiga ukuta wa choo. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa ambayo kila kitu kilikuwa kosa langu, mpaka chumvi ikizidi kwenye mboga aliyopika mama mkwe, na nilidhani nitaketi chini pale pale nilie. Sikulia. Kosa lile lilikuwa dogo, lina tundu lake kwenye ukuta ninaloweza kulishika kwa kidole, na tundu la pili lilikuwa karibu zaidi na kadi. Baba alisema, "Umeona? Kesho utaingia." Jioni ile nilikula, mara ya kwanza tangu nirudi.

Shabaha zetu zilikuwa kadi za michango ya harusi. Nyumba yetu ilikuwa na kadi za kutosha kuezekea banda la kuku, na upande wa nyuma zilikuwa nyeupe kabisa. Baba alichora miduara kwa bikari, katikati akaacha kiini cha ukubwa wa kifungo cha shati. Tulisimama mlango wa jiko, kadi iko ukuta wa choo, hatua kumi na tatu za miguu yake. Sheria yake ilikuwa kwamba mpigaji hafuati kadi yake mwenyewe. Mwenzake ndiye anakwenda kuibandua na kuandika alama kwa penseli.

Sheria hiyo aliiweka kwa sababu ya mtani wake. Sisi ni Wazaramo, na huyu alikuwa Mnyamwezi mstaafu wa reli aliyekaa nyumba ya tatu, kwa hiyo matusi yalikuwa haki yake. Alikuwa anaingia uani bila hodi, anafunua sufuria, anasema, "Nyie Wazaramo, ngoma mnaijua, kupika hamjui," kisha anakula. Siku moja alishindana na baba, akaenda kuchukua kadi yake, akarudi nayo ina tundu katikati kabisa ya kiini. Baba akaiinua juani.

"Hii umepiga kwa bastola au kwa msumari?"

"Bastola bwana! We vipi?"

"Risasi inaacha weusi," baba akasema, akanionyesha na mimi. "Tazama hili la kweli. Pembeni lina pete ya kijivu, ni risasi imejifuta ikipita. Na limekatwa, halikuchanwa. Tundu lisilo na pete halijapigwa na mtu."

Mtani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliiweka ile pete kichwani.

Miezi ikapita nikawa napiga vizuri. Sijisifu, au basi najisifu kidogo: kati ya tano, nne zilikuwa zinaingia kwenye kiini. Nikaanza kupokea vibarua vya kudarizi vitambaa vya mezani, nikaanza kwenda sokoni bila kuona haya, watu wakasalimia nikaitika. Lakini kitu cha kuniamsha asubuhi kilikuwa alasiri. Nilikuwa nafagia uwanja mapema, nabandika kadi, nasubiri mzee atoke msikitini.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza.

Ulianza kwenye chai, kikombe kikigongagonga kisahani. Akahamia kunywa chai kwenye bakuli, akasema inapoa haraka. Akaanza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano, mtu aliyekuwa anatunga uzi huku anaongea na mteja. Siku moja alipiga tano, na nilipokwenda kuifuata kadi nilikuta matundu mawili tu, yote pembezoni, moja limeng'ata jina la bwana harusi kwa upande wa pili. Tatu zilikuwa kwenye ubao na ukutani.

Nilimpa mgongo. Alikuwa amesimama mlango wa jiko, bastola imelala kifuani, anasubiri kama mtoto anayesubiri ripoti ya shule. Yeye ndiye aliyesema, ukikosa umekosa wewe. Penseli ilikuwa sikioni kwangu. Sikufikiri. Niliichomeka kwenye kiini nikaizungusha mara moja, na tundu likatoka na pete yake ya kijivu, tayari.

"Moja ya kiini, baba," nikasema.

"Moja?"

"Moja. Nyingine zimekimbia."

Akacheka. "Jua lilikuwa machoni," akasema.

Tangu hapo nilikuwa mwizi wa kila siku. Nilikuwa na adabu zangu, sikutoboa zaidi ya mbili, na siku nyingine nilimnyima kabisa ili isionekane. Nyuma ya kadi penseli inachana karatasi kidogo, hilo nililiona, lakini nikasema macho ya mzee hayatafika huko. Kadi nilizozitoboa alikuwa anaziweka kwenye bati la biskuti. Nilijiona mtoto mwema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa najisikia vizuri.

Shangazi ndiye aliyeona. Alikuja Ijumaa moja kutoka Kinondoni, akakaa na kaka yake mkekani, akamtazama anavyomega wali. Ulipomwagika mara ya tatu alinawa mikono yake akasema, "Kaka, twende hospitali kubwa. Kesho. Mie ntakufuata na teksi."

"Kufanya nini?"

"Huo mkono."

"Mkono una nini?" Baba akainuka, akaingia ndani, akatoka na bati la biskuti. Akazipanga kadi mkekani moja moja mbele ya shangazi, kama mtu anayetandaza vitambaa kwa mteja. "Hii ya jana. Hii ya juzi. Tazama kiini. Mtu anayeumwa mkono anapiga hivi? Muulize mwanao."

Shangazi akanigeukia. Alikuwa na macho makubwa, na sikuwahi kumdanganya maishani.

"Ni kweli?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi pale. Sentensi moja ingetosha. Nilitazama kadi, nikamtazama baba aliyekuwa amesimama na bati lake, nikasema, "Ndiyo shangazi. Anapiga vizuri."

Shangazi alikunja khanga yake akaondoka na hasira. Baba akakusanya kadi bila kunitazama.

Wiki kadhaa baadaye nilishikwa na malaria. Nilikuwa kitandani, uso ukutani kama zamani, nikasikia bastola uani inapumua mara tano. Nikasema moyoni, leo nani atamfuatia kadi? Ataona mwenyewe. Nikajaribu kuinuka, chumba kikazunguka, nikarudi chini. Hatua zake zikaenda ukutani, zikarudi polepole. Nikasikia nyundo mara moja kibarazani, nikadhani ni kazi. Kisha mlango ukafunguliwa, baba akaingia na kadi mkononi.

"Nimevunja sheria," akasema. "Nimejifuatia mwenyewe. Lakini tazama."

Kadi ilikuwa na tundu moja katikati ya kiini. Katikati kabisa, ungedhani bikari ilisimama hapo. Sikuitazama zaidi ya hapo, nilikuwa natetemeka kwa homa na nilitaka kuamini. Niliketi kitandani nikapiga vigelegele mpaka jirani akauliza dirishani kuna posa gani. Baba alisimama mlangoni anacheka, mkono wa kulia ameuficha ndani ya mfuko wa kanzu. "Inuka unywe uji basi," akasema. Nikainuka nikanywa. Kadi ile nikaiweka kwenye sanduku langu, chini ya nguo, nikasema hii ni yangu, hii ya kweli.

Hakupiga tena. Mwezi haukuisha akaanguka kibarazani, kichwa kikagonga meza ya cherehani. Hospitali daktari alikuwa kijana mpole, akatuambia ni uvimbe kichwani. Akauliza mkono ulianza lini. Nikahesabu miezi kwa sauti mbele ya shangazi. Daktari akasema, "Mngewahi kidogo," hakusema kwa ubaya, akaandika. Shangazi hakuniambia neno, wala siku ile wala baadaye, na afadhali angenipiga.

Tulimzika Jumatano. Siku ya tatu, ya kuanua tanga, mtani alikuja kufanya kazi yake.

Asiyejua mila zetu anaweza kushangaa, lakini mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anamwiga marehemu, anavaa vitu vyake, anawachekesha wafiwa mpaka chozi libadilike jina. Alikuwa amefika toka asubuhi amelala mlangoni anazuia watu kupita mpaka apewe kuku. Baada ya hitima akaingia ndani, akatoka amevaa kofia ya baba na miwani yake, ameshika mwiko. Wanaume wakageuka kwenye mikeka yao, sisi wanawake tukasogea mlango wa jiko.

Akasimama pale pale baba alipokuwa anasimama. Akanyoosha mwiko kuelekea choo. Mkono ukaanza kutetemeka, ukazidi, mwiko ukawa unachora hewani, na mwili mzima ukafuata. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, alimpatia vizuri sana, hadi ule mtindo wa kuvuta pumzi puani.

"Pfuu!" akafyatua.

Kisha akavua kofia, akanyakua khanga iliyokuwa kwenye kamba, akajifunga kiunoni. Akachukua kijiti akakichomeka sikioni. Akaenda mpaka ukuta wa choo kwa mwendo wa madaha, akageuka kututazama kushoto, kulia, akatupa mgongo. Akatoa kile kijiti sikioni. Akachoma ukuta, akazungusha. Akageuka na kupaza sauti nyembamba:

"Moja ya kiini, baba!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hawakujua wanacheka nini, walimcheka Mnyamwezi aliyevaa khanga. Shangazi peke yake hakucheka. Mimi niliketi kwenye kinu.

Alikuja baadaye jikoni, khanga bado kiunoni, jasho linamtoka. Aliponiona uso alivua miwani ya baba.

"Mke wangu, we hukujua?" akasema. Alizoea kuniita mke wake. "Mie nlidhani mlishaongea. Nlidhani ni utani wenu nyie wawili."

"Alijua lini?"

"Toka siku ya kwanza. Penseli inachana, risasi inakata. Mzee yule fundi bwana, utamficha tundu?" Akapangusa uso kwa pindo la khanga. "Nlimwambia, mwambie mtoto umejua, muende hospitali. Akakataa. Akanambia, huyu kanyanyuka kitandani kwa ajili ya hizi kadi. Siku nikimwambia nimejua, anarudi kugeukia ukuta."

Aliiweka miwani kando ya kinu, akatoka.

Nilimkasirikia baba. Nasema wazi, maana watu wakisimulia wazazi wao waliokufa huwa wanawapaka sukari. Nilimkasirikia kwa kumpangia shangazi zile kadi mkekani huku anajua ni kazi ya penseli, na kwa kuniacha nijibu ndiyo. Alikuwa anajificha nyuma ya uongo wangu, na mimi nyuma ya wake, na mkono ukawa unaendelea kufa katikati yetu. Nikasema angalau ninayo moja ya kweli. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikaitoa kadi chini ya nguo.

Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, kama alivyonifundisha.

Tundu lilikuwa limekatwa vizuri, halijachanwa hata unyuzi. Nyuma laini, mbele laini. Lakini halikuwa na pete. Kweupe pembeni pote. Sijui kama aliisahau, kichwa kilikuwa kimeshaanza kumpotezea mambo, au aliona hataiweza, maana kuchora kiduara kidogo vile kunataka mkono uliotulia, na pigo la nyundo halitaki.

Nikaenda kibarazani. Vyombo vyake vilikuwa vimepangwa kama alivyoviacha. Nikachukua kibomba kile chembamba, cha kutobolea vizibo vya ngozi, nikakiingiza kwenye tundu la kadi. Kiliingia sawasawa, hakikubana wala hakikulegea.

Nilikaa kwenye kigoda chake nimeshika kadi ya harusi ya watu nisiowajua. Nikakumbuka ile nyundo niliyoisikia mara moja, na mkono uliofichwa mfukoni, na jinsi alivyosimama mlangoni akinitazama nikiketi kitandani, mgonjwa, nikimpigia vigelegele.